Sifa zinaisha ndani ya siku mbili, kujithamini kwa kweli kunatoka wapi?

Nuru_ya_Asubuhi:

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie mawazo kwenye hili manake limenisumbua miaka na sina mtu wa karibu wa kumwambia bila kuonekana nalalamika wakati kwa nje mambo yangu yanaenda.

Mi ni mwanamke, nina miaka 34. Kazini nafanya vizuri, mwaka huu nimepandishwa cheo, bosi kanisifia mbele ya watu wote na siku ile kweli nilifurahi, nikalala usingizi mzuri. Ila haikufika siku mbili. Siku ya tatu nimeamka niko palepale, naona kama nimewadanganya watu na iko siku watanishtukia. Afu wiki mbili zilizopita kwenye kikao mwenzangu akasema tu "hii ripoti ungeipitia tena", basi, sentensi moja, wala hakuisema kwa ubaya na alikuwa sahihi manake kuna jedwali nilikosea kujumlisha. Nimeibeba hiyo sentensi siku sita. Niko jikoni naisikia, niko kitandani naisikia, natunga kichwani majibu ya kujitetea kwa mtu ambaye nina uhakika alishasahau saa ile ile.

Nimejaribu ile ya kusimama mbele ya kioo asubuhi na kujiambia mimi ni wa thamani, mimi napendwa, mimi naweza, kama wanavyofundisha kwenye video. Nimeifanya karibu mwezi mzima. Kila nikisema kuna sauti inanijibu hapohapo "nani kakwambia?", natoka pale kiooni niko chini kuliko nilivyoingia.

Kinachonichanganya zaidi ni mdogo wangu wa kiume. Tumezaliwa nyumba moja, tumelelewa na wazazi walewale, yeye shule hakufika mbali na kazi yake ni ya kawaida tu. Ukimwambia umekosea hapa anasema "kweli, hapo nimechemsha", anarekebisha anaendelea na maisha yake. Hajisikii, hajioni, wala hana makelele, ila hatikisiki. Sasa nauliza kwa dhati kabisa, mtu kama huyu anakipata wapi hiki kitu? Na mtu ambaye hakukipata mapema anaweza kukipata ukubwani au ndo basi?

Sikio_Wazi:

Pole sana dada. Mi nafanya kazi ya ushauri nasaha, huu mwaka wa 11, na hiyo habari ya kioo naisikia kila mara kwa hiyo nianze nayo. Hukuikosea. Mwaka 2009 watafiti wa Canada, Joanne Wood na wenzake, walichapisha utafiti ambao watu waliambiwa warudie rudie kujisemea kwamba mimi ni mtu wa kupendeka. Wale ambao tayari walikuwa wanajithamini iliwasaidia kidogo. Wale ambao walikuwa hawajithamini, yaani hasa wale ambao dawa ilitengenezwa kwa ajili yao, walitoka wakijisikia vibaya kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakurudia chochote. Maana yake ile sauti ya "nani kakwambia" si ukaidi wako. Ukiisemesha akili kitu ambacho haikiamini inaamka kutafuta ushahidi wa kukupinga, na kwa mtu aliyejikosoa miaka 30 huo ushahidi uko tele tena umepangwa vizuri.

Sasa swali lenyewe. Naomba tutenganishe maneno manake tukiyachanganya tunatafuta kitu mahali ambapo hakipo. Kujiamini kunahusu jambo, naamini naweza kuandika ripoti, naweza kuongea mbele za watu. Kujithamini kunamhusu yule mwandishi wa ripoti mwenyewe, hata siku ambayo jedwali lina makosa. Kwa maelezo yako wewe kujiamini unako, usingepanda cheo bila hiko. Unachokosa ni hicho cha pili, na umekuwa ukijaribu kukinunua kwa kutumia cha kwanza.

Kuna watafiti wawili, Jennifer Crocker na Connie Wolfe, mwaka 2001 waliandika kwamba swali la maana si kama mtu anajithamini sana au kidogo, swali ni ameitundika thamani yake kwenye nini. Wengine wameitundika kwenye sura, wengine kwenye kuwashinda wenzao, wengine kwenye masomo, kwenye kusifiwa, kwenye familia, kwenye kuwa mtu mwema, kwenye kupendwa na Mungu. Kitu ulipoitundika kikipanda unapanda nacho, kikishuka unashuka nacho. Wewe umeitundika kwenye kazi na midomo ya watu. Ndo maana sifa hazidumu, mdomo uliokusifia leo inabidi ukusifie tena kesho.

Na cheo hakiwezi kukuponya kwa sababu moja ambayo William James aliiona tangu 1890. Yeye aliiweka kama hesabu ya kugawanya, juu unaweka uliyofanikiwa, chini unaweka unayojidai nayo, yaani kiwango ulichojiwekea kwamba nisipofika hapo mi si kitu. Wewe kila ukipandisha cha juu na cha chini umekipandisha siku hiyohiyo. Jibu linabaki lilelile.

Fundi_Mkimya:

Nimesoma yote nikasema ngoja na mi niseme yangu, si msomi wa haya mambo ila nimeyapitia.

Mi nilikuwa mtu wa kuanza vitu. Naanza kozi naacha, naanza mazoezi naacha, nasema mwezi huu naweka akiba, katikati ya mwezi nimeshaila. Watu hawakujua manake kwa nje naongea vizuri na nachangamka, lakini ndani nilikuwa najidharau vibaya sana na sikuwa naelewa kwa nini. Baadae nikaja kuelewa, yaani fikiria una rafiki amekuahidi vitu 200 na hajatimiza hata kimoja, utamheshimu? Sasa huyo rafiki alikuwa mimi na nilikuwa naishi naye.

Nikiwa na miaka 41 nikaamua kujifunza kuogelea. Nilikuwa naogopa maji tangu mtoto. Nikajiambia mara tatu kwa wiki, sitamwambia mtu yeyote, sipigi picha wala siposti. Wiki za mwanzo nilikuwa nashika ukingo tu nazamisha uso natoa. Nilikunywa maji ya lile bwawa mpaka nikachoka. Maji hayana adabu ya uongo ndugu zangu, hayakusifii ili ujisikie vizuri na hayakutukani pia, ukikaza mwili unazama ukiulegeza unaelea, kwa hiyo kila kidogo nilichopata nilijua ni cha kweli. Mwezi wa nne nikavuka upana wa bwawa bila kugusa chini. Nikakaa pale ukingoni napumua. Hakuna aliyepiga makofi manake hakuna aliyekuwa anajua. Na kesho yake nikaamka bado kipo, kesho kutwa kipo. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu kitu kizuri nilichojisikia juu yangu mwenyewe hakikuisha baada ya siku mbili kama unavosema.

Kwa hiyo mi jibu langu, kinatoka kwenye kutimiza neno lako kwako mwenyewe pale ambapo hakuna anayekuona. Dada anza na kitu kidogo kabisa, kidogo mpaka uone aibu kukitaja, ila usikivunje.

Nyundo77:

Samahani kama nitawaudhi ila naona tunazunguka. Hii habari ya kujithamini imekuzwa kupita kiasi. Kule California mwaka 1986 waliunda mpaka tume ya serikali, mwanasiasa anaitwa John Vasconcellos ndo aliisukuma, wakaamini ukipandisha watu kujithamini utapunguza uhalifu, dawa za kulevya na watoto kufeli shule. Shule zikajaa sifa za bure. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake wakapitia tafiti nyingi sana zilizokuwa zimefanyika, wakakuta kumpandisha mtoto kujithamini hakumfanyi afaulu, mara nyingi ni kinyume, anafaulu ndo anajisikia vizuri. Ni kivuli. Kivuli hukikimbizi. Fanya kazi yako vizuri, tendea watu haki, acha kujichunguza kila asubuhi, mambo mengine yatakufuata. Wahenga walishasema chema chajiuza.

Mama_Wawili:

Nyundo mwanangu, nimekusoma, na Fundi pia nimemsoma, maneno yenu yana ukweli ndani yake lakini naomba mnisikilize mimi mtu mzima kidogo.

Miaka sita iliyopita nilipata kiharusi. Nilikuwa mwalimu, mtu wa kusimama mbele ya watoto 60 na wakanyamaza. Ndani ya asubuhi moja mkono wa kulia hausogei, mdomo umepinda, maneno nayajua lakini hayatoki. Mwaka ule mzima sikuweza kufunga kifungo changu mwenyewe. Sasa niambieni. Kama thamani ya mtu inatokana na kazi anayoifanya vizuri, mimi siku ile ilikwenda wapi? Kama inatokana na kutimiza ahadi nilizojiwekea, mimi nilikuwa sina uwezo wa kutimiza hata ahadi ya kunyanyua kijiko. Na niseme ukweli, miezi mitatu ya kwanza niliamini imekwisha. Nilikuwa nageukia ukutani wakija watu kuniona.

Aliyenirudisha ni binti yangu, na hakunirudisha kwa maneno. Alikuwa ananiogesha. Kila siku kabla hajanivua nguo ananiuliza "mama, nianze?" Sikuweza kujibu, alikuwa anasubiri nipepese macho. Angeweza kunivua tu manake alikuwa na haraka zake, ana watoto, ana kazi. Alisubiri. Na nikikasirika nikamsukuma kwa ule mkono mzima alinikemea kama mtu mzima anavyokemewa, hakunibembeleza kama kitoto. Nilielewa polepole kwamba kwa huyu mtoto mimi sijapungua. Sina cha kumpa, sisomeki, natoa udenda, na sijapungua. Kitu hicho kiliniingia mahali ambapo miaka 30 ya kusifiwa kama mwalimu bora haikuwahi kufika.

Nyundo umesema chema chajiuza. Mimi hilo neno nimelifundisha miaka mingi, lakini kwa mtu sikulipenda tena tangu niugue. Kinachojiuza kina mnunuzi, na mnunuzi asipokuja siku hiyo je? Mtu hayuko sokoni.

Kwa hiyo binti yangu Nuru, nakuuliza wewe. Kuna mtu yeyote aliyewahi kukupokea siku ambayo huna ulicholeta?

Fundi_Mkimya:

Shikamoo mama. Nimesoma hii nikaweka simu chini kwanza.

Nakubali. Na nikifikiria vizuri hata mimi pale bwawani kuna yule mwalimu wangu wa kuogelea, mzee mmoja mtaratibu, wiki zote zile nilizokuwa nashika ukingo kama mtoto hakuwahi kunicheka wala kuniharakisha, anasema tu "leo umekuja, vizuri". Mi nilisema hakuna aliyekuwa anajua, kumbe yeye alikuwepo. Sijui kama ningerudi mara ya pili bila yeye.

Sikio_Wazi:

Shikamoo mama na asante sana, nitaondoka na hiyo ya "nianze?" na nitaitumia kazini kwangu ukiniruhusu.

Nyundo nakujibu kwa heshima, hizo habari za tume na za 2003 ni za kweli na ni vizuri umezileta manake watu wengi wanauza sifa za bure mpaka leo. Ila umechukua nusu. Mapitio yaleyale yalikuta kujithamini kunaendana sana na kuwa na furaha, na kwamba wanaojithamini hawakati tamaa upesi wakishindwa. Tena kuna mwenzao marehemu Michael Kernis ambaye alitumia muda mwingi kuonyesha kwamba wapo wanaojithamini sana kwa kupima kwa maswali lakini ni kama glasi, ukimgusa anakurukia, na wapo wa juu vilevile lakini wametulia. Huyo wa kwanza ndo yule tunasema anajiona. Huyo wa pili ndo mdogo wake Nuru. Kwenye karatasi wanaweza kupata alama sawa kabisa.

Kuhusu nyumba moja watoto tofauti. Stanley Coopersmith mwaka 1967 alitoa matokeo ya kazi yake kwa watoto wa kiume wa miaka 10 hadi 12 na mama zao, akitafuta wale wanaojithamini wanatoka kwenye malezi gani. Utajiri wa nyumba haukueleza mengi. Aliyoyakuta ni matatu, mtoto kukubaliwa kama alivyo, mipaka iliyo wazi na inayosimamiwa kweli, na ndani ya hiyo mipaka mtoto kuheshimiwa na kusikilizwa. Angalia mama alichosema hapo juu, binti alimkubali, alimkemea, na alimuuliza kabla ya kumgusa. Ni yaleyale matatu, na aliyeyapokea alikuwa mtu mzima mgonjwa. Kwa hiyo Nuru jibu la swali lako la pili ni hapana, sio ndo basi. Hicho kitu kinachelewa tu, na kinakuja kwa mlango uleule.

Lakini jambo moja nakuuliza, nyie wawili mlikuwa mnasifiwa kwa namna moja? Manake Claudia Mueller na Carol Dweck mwaka 1998 walionyesha kitu cha kutisha kidogo. Watoto waliofanya vizuri mafumbo, kundi moja likaambiwa mna akili sana, lingine likaambiwa mmejitahidi sana. Sifa tu, tofauti ya neno moja. Walipopewa mafumbo magumu wakashindwa, wale wa "mna akili" ndo walioanguka zaidi baadae, walikuwa wanataka kazi rahisi zisizowaumbua, na walipoambiwa wawaandikie watoto wengine alama walizopata wengi wao kuliko wenzao walidanganya. Watoto wadogo wanadanganya alama kwa mtu ambaye hawatakutana naye maishani. Ukishaambiwa wewe ni akili yako, kosa la kujumlisha sio kosa la kujumlisha tena.

Nuru_ya_Asubuhi:

Nimechelewa kurudi samahanini, nilikuwa nasoma na kulia. Mama shikamoo. Swali lako sijaweza kulijibu bado, nimelibeba.

Sikio swali lako nilikuwa nataka kujibu kwamba tulisifiwa sawa, nikaifuta, nikampigia mdogo wangu jana usiku. Nikamuuliza hivihivi bila kuzunguka, we mbona ukikosolewa hutetereki ulifundishwa na nani. Akacheka kwanza akidhani namtania. Alipoona sicheki akanyamaza kidogo afu akasema "dada mi sikuwahi kuwa wa kwanza. Nilikuwa wa 20, nikawa wa 31, kuna siku nikawa wa 9, na nikifika nyumbani baba ananiuliza ile baiskeli umeitengeneza? Basi. We wageni wakija ulikuwa unaitwa sebuleni utaje namba yako."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kweli nilikuwa naitwa. Natoka chumbani nasimama mbele ya wageni nataja nimekuwa wa ngapi, wanapiga makofi, narudi chumbani. Wazazi wangu sina kinyongo nao hata kidogo, walikuwa wanajivunia mtoto wao na walidhani wananipa kitu. Miaka yote nilikuwa naona mimi ndo nilipewa zaidi na yeye ndo alipunjwa. Yeye alikuwa ananionea huruma, amesema hivyo, anasema siku za matokeo alikuwa hachezi mbali na nyumba.

Kwenye lile jedwali nimeshamwandikia mwenzangu leo asubuhi, nimemwambia ulikuwa sahihi, nilikosea kujumlisha, nimerekebisha, asante. Mistari miwili. Niliiandika mara nne kila nikiandika najikuta nimeongeza sababu za kujitetea, nikawa nazifuta. Nimeituma bila sababu hata moja na mikono ilikuwa inatetemeka. Fundi nadhani hicho ndo kidogo changu cha kuanzia.

Mama, kuhusu swali lako. Wakati tunamaliza kuongea mdogo wangu akaniambia anakumbuka mwaka ule nilipokuwa wa pili. Mi sikumbuki nilikuwa wa pili. Anasema niliificha ile ripoti ya shule chini ya godoro, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, giza likaingia sijarudi, na yeye alinikuta pale lakini hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka 8. Nikamuuliza ulifanya nini sasa. Akasema "sikujua cha kufanya, nilikaa tu na wewe mpaka ukataka kuingia ndani."